Njia ya Kazini na Deni la Salamu



Mwezi huu hatutasema juu ya jambo kubwa la ulimwengu. Tutasema juu ya njia, njia ile ndogo ambayo kila mmoja wetu huipita asubuhi akienda kazini na huipita tena jioni akirudi kwake. Yamkini msomaji atauliza, "Njia ina habari gani? Si mchanga na miti tu?" Hata sisi tulidhani hivyo kwa muda mrefu, mpaka njia yenyewe ilipotufundisha adabu, na somo lake likatuuma. Twaliandika hapa ili limfae mwenzetu kabla hajaumwa kama tulivyoumwa sisi.

Sisi twakaa Ruaruke, katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, katika nchi hii ya delta ya mto Rufiji. Kazi yetu ni ya daftari na kalamu katika ghala la mazao, na kutoka nyumbani mpaka ghalani ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Hutoka mapema, baada ya Sala ya Alfajiri na kikombe cha chai, wakati mchanga bado una umande na nyayo za jana zimekwisha kufutika. Njia hupita kati ya mikorosho na minazi, na chini ya miembe ya zamani ambayo walioipanda hawakumbukwi tena kwa majina. Hapo hukutana na kina mama wenye majembe begani, vijana juu ya baiskeli zilizofungwa matenga ya samaki, na watoto wa shule, huyu ana fagio, yule ana dumu la maji.

Na kila tunayekutana naye, kuna neno baina yetu. Wadogo hutuamkia shikamoo, nasi huitikia marahaba. Wakubwa huwaamkia sisi. Kisha huja maulizo: "Waenda kazini?" "Naam, twaenda." "Haya, uende salama." Na jioni, kwenye mlango ule ule: "Umerudi?" "Tumerudi." "Alhamdulillahi."

Mgeni angeweza kucheka. Mtu amemwona mwenziwe amerudi, amesimama mbele yake kwa miguu miwili, mbona amwulize kama amerudi? Lakini swali hilo halikuwekwa kwa ajili ya kutafuta habari. Limewekwa kwa ajili ya kuhesabu watu. Aliyeulizwa asubuhi na kuulizwa tena jioni amehesabiwa mara mbili kwa siku, na siku asiporudi, yuko mtu atakayejua.

Hatusemi haya kwa kuusuta mji. Kabla ya kurejea huku tulifanya kazi Dar es Salaam, tukikaa Magomeni na kwenda Kariakoo kwa miguu. Njia ile huteremka bonde la Jangwani, ikavuka mto Msimbazi, kisha ikapanda upande wa pili. Na mvua kubwa zikinyesha, maji hufunika barabara, watu wakasimama ng'ambo hii na ng'ambo ile wakitazamana. Katika siku zetu za kwanza tulimsalimu kila tuliyempita, kama tulivyolelewa. Watu walitutazama kwa mashaka, wakidhani tutafuatisha salamu na ombi la fedha. Basi tukanyamaza. Haukupita mwaka nasi tukawa na macho ya mjini, macho yanayomwona mtu kama yanavyoiona nguzo ya taa: ya kuikwepa usijigonge.

Hata hivyo mji nao ulikuwa na mtu wake. Alikuwako muuza kahawa mmoja, mtu mzima, aliyekaa pembeni mwa njia na birika lake juu ya jiko la makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue yupo. Kila asubuhi alitutangulia kwa salamu, hata siku ambazo hatukununua. Ikatokea tukashikwa na homa, tukalala ndani siku mbili. Tulipotoka siku ya tatu, akasema, "Juzi sikukuona, na jana sikukuona. Kulikoni?" Dar es Salaam ni mji ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5. Katika wingi kama huo, mtu mmoja alikuwa ametuhesabu na sisi. Hatukulisahau neno lake, ingawa, kama msomaji atakavyoona, tulisahau kulifuata.

Tena katika mji ule ule tulikuwa tukikanyaga kila siku mahali penye mazingatio, nasi hatujui. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo zama za Vita Kuu ya Kwanza. Vita vile vilifika mpaka huku kwetu. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914, ikaangamizwa humo mwezi wa Julai 1915. Na mwaka 1917 majeshi ya nchi kavu yalikwama katika mvua na matope ya bonde la mto huu. Waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili walikuwa Waafrika, na wengi wao hawakuulizwa kama wataka. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wale nao walitoka asubuhi wakaenda kazini. Hapakuwa na wa kuwauliza jioni, "Umerudi?" Basi mtu anayekwenda kazini kwa hiari yake, akarudi kwake na jua lingali juu ya minazi, amepata neema ambayo wengi waliomtangulia katika nchi hii hawakuipata.

Na bado hatujasema habari za wakulima wetu. Katika nchi ya Rufiji, safari ya kwenda kazini imekuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Zamani wengi waliishi bondeni, karibu na mashamba yao ya mpunga, wakiutegemea mto kuwaletea rutuba na kuuogopa pia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenda kukaa katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu isiyofikiwa na maji. Huko shule na zahanati ziliweza kuwa karibu, lakini shamba likawa mbali. Mpunga haukuhama pamoja na watu; ulibaki bondeni ulikozoea. Ndiyo sababu hata leo, msimu ukifika, jamaa nyingi hufunga vyombo vyao, wakaenda kukaa mashambani katika dungu, kibanda kile kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwafukuza nguruwe na nyani na ndege mpaka siku ya mavuno. Huku kijijini hubaki nyumba zenye mlango mmoja wazi, na ndani yake mzee asiyeweza safari, pamoja na mtoto mmoja wa kumtumikia.

Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa habari ya Banu Salima, jamaa waliokaa mbali na Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Palipopatikana nafasi karibu na msikiti, walitaka kuhamia huko wapunguze mwendo. Mtume alipopata habari aliwahimiza wabaki katika makazi yao, akawabashiria kwamba nyayo zao zinaandikwa. Nasi kila tuonapo nyayo za kina mama katika mchanga wa njia ya bondeni, nyayo zilizozama kwa uzito wa mzigo, hukumbuka habari hiyo. Ile ilikuwa safari ya Sala, na hii ni safari ya riziki. Lakini mwenye kutafuta chakula cha halali cha watoto wake naye yumo katika jambo jema, na Mola wake haoni haya kuhesabu hatua zake. Ikiwa Yeye azihesabu, sisi tunaopishana nao njiani tutajifanyaje kuwa hatuwaoni?

Watu wa Kibiti tungepaswa kuijua thamani ya salamu kuliko wengi. Mwaka 2017 ilitupata misiba ambayo nchi nzima iliisikia. Viongozi wa vijiji waliuawa, na askari wa polisi waliuawa. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku, na watu wakafunga milango mapema. Mbaya zaidi kwetu ilikuwa ni kuharibika kwa salamu. Mtu akikutana na mwenziwe njiani wakati wa Magharibi, alimtazama mikono kabla hajamtazama uso. Neno lile la "Assalaam alaykum", ambalo maana yake ni amani iwe juu yenu, lilitamkwa kwa sauti ya mtu anayeuliza, si ya mtu anayeahidi. Ndipo tulipofahamu kwamba kumwambia mtu salamu ni kumpa ahadi: kwangu mimi usiogope. Zama hizo zilipita, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, na pole pole maulizo yetu ya zamani yakarejea njiani. "Waenda kazini?" "Naam, twaenda." Tulilia moyoni siku tulipoyasikia tena.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Katikati ya njia yetu pana mwembe mkubwa, na chini yake hukaa mzee mmoja juu ya kigoda, mbele ya nyumba yake ya miti na udongo. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa hakutupa ruhusa. Ni mtu aliyelima bonde kwa miaka zaidi ya hamsini, na sasa magoti yamemkataa. Kila asubuhi tulimwamkia, naye aliitikia na kutuombea dua fupi, na jioni alituuliza kama tumerudi. Hapakuwa na mazungumzo marefu baina yetu. Pengine maneno yote tuliyosemezana naye kwa mwaka mzima yangejaa kurasa mbili tu.

Ulipofika msimu wa ufuta, kazi ghalani ilizidi. Magunia yalikuja tangu asubuhi, wakulima wakapanga safu wakingoja mizani, na aliyechelewa aliandikwa jina. Tukaona kwamba dakika 40 ni nyingi, tukapatana na kijana mmoja mwenye bodaboda awe akituchukua asubuhi na kuturudisha jioni. Naam, ilikuwa raha. Njia iliyokuwa ya dakika 40 ikawa ya dakika 8. Upepo ulitupiga usoni, mwembe ukaja na mwembe ukapita, na kwa kuwa mngurumo wa pikipiki humeza sauti ya mtu, tuliona hapana maana ya kusalimu. Siku za kwanza tuliinua mkono. Baadaye hata mkono hatukuuinua, kwani macho yetu yalikuwa katika simu, tukisoma bei za mnada.

Zikapita wiki tatu. Siku moja asubuhi pikipiki ilipasuka mpira hatua chache kabla ya mwembe ule, tukashuka kwenda kwa miguu. Tukakuta kigoda kipo lakini hakina mtu. Mlangoni alisimama mjukuu wake, binti wa darasa la nne, amevaa khanga juu ya sare ya shule iliyokuwa chafu. Tukamwuliza, "Babu yuko wapi?" Akasema, "Amelala ndani. Ni siku ya tano leo, haamki." "Na mama?" "Yuko bondeni, kwenye dungu." "Na wewe, shule?" Akainama, hakujibu.

Tuliingia tukamkuta mzee juu ya kitanda cha kamba, homa imemkausha, midomo imepasuka. Binti yule alikuwa amempa maji na uji kadiri alivyoweza. Hakuweza kumwacha akaenda kuita watu mbali, wala hakuthubutu kusimamisha pikipiki za watu asiowajua. Tukaita vijana wawili, akachukuliwa mpaka zahanati, akapimwa, akaonekana ana malaria, akatiwa dawa na maji mwilini. Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu akapona. Mama wa binti alipelekewa habari, akapanda kutoka bondeni siku ya pili yake.

Tulipokwenda kumwangalia, na yeye anaweza kuketi, tulianza kujitetea. Tukamweleza habari za magunia, na mizani, na wingi wa kazi. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, usisumbuke. Kila siku nilikuwa nikiisikia pikipiki yako ikipita. Nilikuwa nikisema moyoni, huyo amekwenda; na jioni nikisema, huyo amerudi. Nikimshukuru Mungu."

Ndugu wasomaji, angalau angalitukemea! Katika siku zile tano, mgonjwa amelala kifudifudi ndani ya nyumba yenye giza, alikuwa akituhesabu sisi wazima, kwenda na kurudi, bila ya kukosa. Na sisi wazima, tuliopita mlangoni pake mara kumi katika siku hizo, hatukumhesabu hata mara moja.

Turudi sasa katika mafundisho ya dini yetu, kwani jambo hili halikuachwa bila ya kanuni. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, imewekwa taratibu ya nani aanze kutoa salamu: aliyepanda huanza kumsalimu anayekwenda kwa miguu, anayekwenda kwa miguu humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu walio wengi. Tulikuwa tumeisoma Hadithi hii tangu chuoni, tukidhani ni adabu ya heshima tu. Itazameni vizuri. Deni la salamu limewekwa juu ya yule anayekwenda, wala si juu ya yule aliyekaa. Na kadiri mwendo wa mtu unavyozidi, ndivyo deni lake linavyozidi. Kwa nini? Wanazuoni wametaja hekima zake, na miongoni mwake ni kumwepusha aliyepanda na kiburi. Sisi njia ilituonyesha hekima nyingine iliyo karibu nayo. Anayekwenda ndiye mwenye uwezo: ana miguu, ana kipando, ana macho yatakayofika kesho mahali pengine kutoa habari. Aliyekaa hana ila kungoja. Basi mwenye uwezo ndiye aanze.

Asije mtu akafahamu kwamba twalaumu kupanda. La hasha. Katika Hadithi Sahihi imepokewa na Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara amepanda na mara kwa miguu. Bodaboda ni riziki ya vijana wengi wa wilaya hii, na mara ngapi imemfikisha mzazi zahanati usiku wa manane! Yule mzee wetu mwenyewe alipelekwa kwa pikipiki. Kipando hakina dhambi. Dhambi ni kudhani kwamba aliyepanda amesamehewa haki za njia.

Na haki hizo zinajulikana. Abu Said al-Khudri amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaonya Masahaba juu ya kukaa njiani, nao waliposema hawana budi kwa mazungumzo yao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wenye kukaa wameambiwa hayo. Je, wenye kupita wataachwa?

Twawaambia vijana wetu hasa, kwa kuwa ninyi ndio mlio wengi njiani. Binti wa shule anayekwenda kilomita nyingi kwa miguu ana haki juu yenu. Kuinamisha macho ni haki yake. Kujizuia na maudhi ni haki yake: asiitwe kwa mluzi, asifuatwe, wala asipewe lifti ya leo itakayodaiwa kesho kwa aibu yake na machozi ya wazazi wake. Wangapi wameacha shule kwa kuogopa njia, si kwa kuogopa masomo! Binti yule wa darasa la nne hakuthubutu kusimamisha pikipiki hata babu yake alipokuwa mahututi. Tumejiuliza mara nyingi: ni nani aliyemfundisha kuwaogopa wapitao? Jibu ni kwamba tulimfundisha sote, kila mmoja kwa alichofanya au kwa alichonyamazia. Njia ambayo mtoto haoni mtu wa kumwita ni njia mbovu, hata ikitiwa lami.

Ninyi wenye hedifoni masikioni, msikilize mtakacho, ikiwa ni Qur'ani au mawaidha au habari. Lakini mkikaribia watu, toeni moja, msikie salamu na muitikie. Ninyi wenye pikipiki, punguzeni mwendo mnapopita mlango wa mzee. Haitawapotezea nusu ya dakika. Nanyi wazazi mnaokwenda bondeni msimu ukifika, kabla ya kufunga vyombo vyenu mwambieni jirani mmoja, au mpita njia mmoja mnayemjua: "Twamwacha baba hapa, tafadhali ukipita umwulize." Msione haya. Hiyo ni amana, na amana hupewa watu.

Sisi tumerudi kwenda kwa miguu. Kazi ya ghalani haikupungua, ila tumeanza kutoka nyumbani mapema zaidi, na tumekuta kwamba dakika zile 32 tulizodhani tumeziokoa hatukuwa tumezitumia kwa jambo lolote tunaloweza kulikumbuka. Wenzetu wachache wanaopita njia hiyo tumepatana nao, bila ya chama wala daftari: huyu ataangalia nyumba za upande wa kisima, yule za upande wa msikiti, na sisi za upande wa mwembe. Hatuulizi mengi. Twatoa salamu, na tunangoja mpaka tusikie jibu. Huko kungoja ndiko tulikokuwa tumekuacha.

Binti yule amerejea darasani. Zile wiki alizokosa hazikurudi, na mwalimu wake anajitahidi kumfikisha wenziwe walipo. Hilo nalo tunalibeba katika deni letu, wala hatudhani kwamba limekwisha lipwa.

Juzi jioni tulipita jua likielekea kuzama. Mzee amerejea juu ya kigoda chake, amejifunga shuka mabegani. Tulikuwa tumechoka, na mawazo yetu yalikuwa katika hesabu ambayo haikulingana. Kabla hatujafika tukasimama, tukasema, "Assalaam alaykum, Babu." Akaitikia kwa ukamilifu, neno kwa neno, mpaka rehema na baraka. Kisha akauliza, kama alivyokuwa akiuliza siku zote:

"Umerudi?"

"Tumerudi."

"Alhamdulillahi."

Na sisi, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, tukamwuliza, "Nawe, Babu, umeshindaje?" Akacheka, akasema, "Nimeshinda hapa hapa, mwanangu. Nimewahesabu wote mliokwenda. Bado wawili hawajapita." Tukakaa naye chini ya mwembe mpaka wakapita.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaokwenda juu ya ardhi kwa unyenyekevu, awalinde wanaotoka asubuhi kutafuta riziki ya halali, awarejeshe kwao kwa salama, na asitufanye tukapita mlangoni pa mwenye shida na macho yetu yakatazama pengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.